Mistari Isiyopiga Hodi

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la Kiswahili. Niliporudi Mombasa kutoka masomoni, mamangu alinikalisha sebuleni, akanimiminia kahawa, akaniuliza mbele ya shangazi zangu wawili: "Haya. Miaka yote hiyo umesomea nini?"

"Kauri, Mama," nikajibu.

Mimi nilikuwa na maana ya kauri ya vikombe na vigae, udongo uliochomwa ukawa mgumu. Wao walisikia kauri za pwani, zile za kuokota maji yakipwa. Shangazi mmoja alitazama dari. Wa pili akasema, "Mashallah," kwa ile sauti ambayo watu humpa nayo mfiwa mkono.

Haikupita wiki, majirani wakaanza kuniletea. Huyu kauri mbili, huyu tatu, huyu moja kubwa yenye madoa ambayo marehemu babake aliitumia kuzuia mlango. Jirani yetu mmoja, anayetengeneza mashua Liwatoni, alileta gunia zima, akaliacha kizingitini kwa heshima, asijue kwamba nusu ya zile kauri bado zilikuwa na wenyewe ndani. Siku ya pili paka wa mitaa mitatu walikuja kutuamkia. Siku ya tatu mamangu aliniita jikoni, pua ameiziba kwa upindo wa leso.

"Hebu nieleze tena," akasema, "na mara hii unieleze vizuri."

Nilichukua kiwashio chake cha gesi, kile cha kubonyeza, nikakibonyeza. Tak! Cheche ikaruka.

"Humu ndani mna kipande cha kauri, kigumu kama jino. Ukibonyeza, kinyundo kidogo kinakigonga, nacho kinatoa umeme. Hamna betri. Umeme unatoka kwenye kauri yenyewe. Hiyo ndiyo niliyosomea."

"Nani kautia?"

"Hakuna aliyeutia, Mama. Ndivyo ilivyoumbika."

Akakichukua, akakibonyeza mara nne, kila mara akikitazama kama mtoto aliyekamatwa akisema uongo. "Nimekaa nacho miaka," akasema, "na sikuwahi kukishuku."

Tangu siku hiyo mtaani nikawa fundi wa viwashio. Watu waliniletea vibovu vyao, nami vile nilivyoweza nikavitengeneza, kwa sababu angalau havikunuka.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja, kisha niachane nayo. Kipande cha kauri ya aina hii si kitu kimoja. Ni chembe nyingi zilizoshikana, kama nyumba zetu za Mji wa Kale zilivyoegemeana ukuta kwa ukuta. Ndani ya kila chembe umeme umejipanga kwa mitaa: mtaa huu wote umeelekea upande mmoja, mtaa wa pili umeelekea upande mwingine, na baina yao mna mpaka ulionyooka kama uzi uliovutwa. Mitaa hiyo ni midogo hata unywele mmoja waweza kuifunika mingi. Kuiona vizuri hutumii hadubini ya mwanga ya shuleni. Unatumia hadubini ya elektroni, mtambo mkubwa kama kabati la bibi harusi, ambao hufyonza hewa yote chumbani mwake kisha hukimulika kile kipande kwa elektroni badala ya mwanga. Mambo yakienda sawa, kwenye kioo cha kompyuta mitaa hutokea kama milia ya kikoi: myembamba, iliyonyooka, mmoja kando ya mwenzake.

Mambo hayaendi sawa mara nyingi.

Chuo nilichoajiriwa kiko upande wa Tudor. Hadubini yetu ilikuwa imetumika kwingine kabla ya kuja kwetu, ikashuka bandarini ndani ya makasha, na nusu ya vyuma vyake vilikuwa vimefungwa kwa magazeti ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Tuliiweka chumba cha chini, kwa sababu juu kila tuktuk ikipita picha ilitetemeka kama uji. Ilinichukua mwaka mzima kuifanya ikubali kuwaka na kukaa imewaka.

Mkuu wa idara yetu ni mtu wa bara, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeletwa Mombasa angali mdogo na hakuondoka tena. Ni mtu mwema kupita kiasi. Ila mpaka leo hajajifunza salamu zetu. Siku moja alimpigia mamangu simu akinitafuta, na mamangu alipoweka simu chini alikuwa ametaharuki. "Yule bwana ana nini? Hakuniuliza khabari za nyumbani, hakuniuliza za watoto. Ameingia na neno lake moja kwa moja kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

Basi bwana huyo aliingia chumbani mwangu asubuhi moja, na kama kawaida hakuzunguka.

"Wageni wanakuja," akasema. "Wakubwa. Tutafanya hafla ya kuizindua hadubini. Nataka picha kubwa ukutani, kubwa kama mlango, iliyopigwa humu humu. Ile mistari yako."

"Lini?"

"Wiki mbili."

Nikaanza. Unakata kipande chembamba cha kauri, unakisugua juu ya msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Unamalizia kwa kitambaa kilichopakwa unga wa almasi, mpaka uso wa kauri unang'aa. Halafu asidi, kwa nukta chache tu za saa. Asidi huila mitaa mingine upesi kuliko mingine, kwa hiyo panabaki vilima na mabonde madogo yanayoonekana. Mwisho unakinyunyizia dhahabu, utando mwembamba mno, kwa sababu kauri tupu hukusanya elektroni mpaka picha yote inakuwa mwanga mtupu. Nilifanya yote hayo kwa mkono, kwa haraka, na kwa kitambaa kimoja.

Siku ya tano nilikiingiza kipande mtamboni, nikatafuta, nikatafuta, na tazama: mistari! Mingi, mizuri, iliyolala sambamba. Nilipiga ukelele. Mkuu akaja mbio ameshika ndoo ya maji, akidhani mtambo umeshika moto.

"Ndiyo hii?" akauliza, akihema.

"Ndiyo hii."

Akaiweka ndoo chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mistari," akasema taratibu.

"Mistari," nikaitikia. Karibu tushikane mikono kama watu waliofunga ndoa.

Picha ilichapishwa kubwa kama alivyotaka, nikaipeleka kwa fundi wa fremu mwenye kibanda karibu na Ngome ya Yesu. Huyo huwauzia watalii picha za milango ya kuchonga. Nilipokwenda kuichukua nilikuta ameitundika nje ili vanishi ikauke, katikati ya milango yake, na mtalii mmoja amesimama mbele yake akiuliza bei. Mtalii alikuwa na hakika kwamba ni ukuta wa Ngome uliopigwa picha kutoka angani. Fundi, kwa adabu, alikuwa amekubaliana naye.

Mkabala na kibanda hicho kuna duka la sonara. Ni chumba chembamba kama bahasha, kilichofunguliwa na babu yake aliyekuja na jahazi kutoka Kachi, Bara Hindi, na yeye mwenyewe amezaliwa hapo hapo juu ya duka. Ni mtu wa makamo, mfupi, ana kioo kidogo cha kutazamia vito ambacho hukivaa jichoni hata akinywa chai. Alitoka na gilasi yake ya chai mkononi, akasimama mbele ya picha yangu kwa muda mrefu kuliko yule mtalii.

"Salaam aleikum, Ami," nikamwamkia.

"Aleikum salaam. Hii picha ni yako, binti?"

"Yangu."

"Ya kitu gani?"

Nikamweleza kwa fahari: kauri, umeme, mitaa, mipaka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo peke yake lilipasa kunitia wasiwasi. Kisha akasogeza jicho lenye kioo karibu na karatasi.

"Nani kaisugua?"

"Mimi."

"Kwa kitambaa kimoja, tangu mwanzo mpaka mwisho?"

"Mbona waniuliza hivyo, Ami?"

"Kwa sababu hii ni mikwaruzo."

Nilicheka. Kisha nikamwambia, kwa ile heshima ambayo si heshima, kwamba mimi nina shahada mbili za kitu hiki.

"Nami sina hata moja," akasema, wala hakuudhika. "Lakini hebu tazama." Akaanza kuonyesha kwa kidole cha mwisho, kile chenye ukucha mrefu. "Hizi chembe unazosema, si ni kama nyumba? Hii nyumba, hii nyumba, na hii nyumba. Kuta zake zaonekana. Sasa utazame mstari huu. Unaingia nyumba hii, unatokea nyumba ile, unaingia ya tatu, unakwenda mpaka kule pembeni, wala haupigi hodi popote. Kitu kilichozaliwa ndani ya nyumba hakivuki ukuta wa jirani hivyo. Huyu ni mgeni. Huyu kaletwa na mkono wako."

Fundi wa fremu alikohoa, akauliza kama aifunge picha au aiache.

"Ifunge," nikasema.

Niliipakia kwenye tuktuk, ikatokeza huku na huku kama mbawa, tukaenda hadi Tudor watu wakituinamia njiani wasipigwe vichwa. Njia nzima nilikuwa nikimjibu yule sonara majibu makali sana ambayo sikuyakumbuka nilipokuwa mbele yake. Nilimkabidhi Mkuu picha, nikaingia chumbani mwangu, nikafungua ile picha kwenye kompyuta ili nithibitishe kwamba sonara hajui asemalo.

Chai yangu ilikuwa bado moto nilipojua kwamba anajua. Nilifuata mstari mmoja kwa kidole. Ulipita chembe kumi na moja bila kupinda wala kusita. Nikafuata wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ulikuwa na upinde mdogo, kama mkono unavyozunguka ukisugua, nami nikautambua upinde ule: ulikuwa wa kiwiko changu cha kulia. Kwa siku tano nilikuwa nimefurahia alama za kiwiko changu mwenyewe. Nilijihisi kama mtu aliyesoma barua ya mapenzi kwa sauti mbele za watu, kisha akageuza bahasha akaona ni ya jirani.

Nikaenda kwa Mkuu. Nilimkuta amesimama juu ya kiti na nyundo, ameshatundika picha, anaipima kwa jicho kama imekaa sawa.

"Ile picha ni makosa," nikasema. "Si mitaa. Ni mikwaruzo."

Akageuka polepole, nyundo bado mkononi. "Lakini imeshatiwa fremu."

"Najua."

"Wageni watatambua?"

"Hawatatambua."

"Basi?"

"Mimi natambua. Na sonara wa karibu na Ngome anatambua."

"Sonara?" Alishuka kitini kwa uangalifu, akakikalia. Nikamweleza. Akaitazama picha yake, akaipenda tena, nikaona anavyoipenda, kisha akashusha pumzi. "Zimebaki siku nne," akasema. "Ukipata ya kweli, tutaonyesha ya kweli. Usipoipata, utasema wewe mwenyewe mbele yao. Mimi kazi yangu ni kukaribisha."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa sonara kabla hajamaliza kufungua makufuli. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye Kiarabu ndani yake. Yote yakapotea.

"Ami," nikasema, "ni mikwaruzo."

Akanitazama. "Umekunywa chai?"

"Bado."

"Ingia."

Somo la kwanza halikuwa la kusugua. Alichukua mkono wangu, akaunusa. "Mchanga wa jana umo kwenye kucha," akasema, akanipa mkasi. Nikakata kucha zote kumi mbele ya kabati la bangili, nikanawa mpaka viwikoni kwa sabuni ya kufulia, nikamwonyesha, akanirudisha nikanawe tena. Kitambaa changu alikishika kwa ncha mbili za vidole, akakitupa. Feni akaizima. "Feni inaleta Mombasa yote ndani," akasema, na kweli baada ya robo saa tulikuwa tumelowa wote wawili.

Halafu akanionyesha. Kila msasa na bakuli lake la maji. Kabla hujahama kutoka msasa huu kwenda ule, unaosha kipande, unaosha mikono, unafuta meza. "Chembe moja ya mchanga mkubwa ikisafiri nawe mpaka kwenye kitambaa laini," alisema, "umefanya kazi ya wiki ukamwachia punda aimalize." Na usikandamize. Nilikuwa nakandamiza kama mtu anayesugua sufuria ya pilau iliyoungua. Yeye alikigusa kipande kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Nilipomwambia kwamba mwishoni ninakinyunyizia dhahabu, aliacha kazi.

"Dhahabu juu ya udongo?"

"Kidogo tu, Ami. Huwezi hata kuiona."

"Ikiwa haionekani, waitia ya nini?"

"Ili elektroni zipate njia ya kutoka."

Akafikiri. "Bibi harusi wa hapa," akasema, "hawezi kukubali."

Kwa siku tatu nilikaa humo dukani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, juu ya kigoda, nyuma ya kioo, uso kwa barabara. Nilikuwa nimezama kwenye kazi hata sikufikiri nani ananiona. Ananiona nani? Mji wa Kale mzima. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, hajaolewa, ana kazi nzuri, amekaa kwa sonara siku tatu mfululizo na kucha amezikata. Hapo hakuna la kuuliza.

Mamangu alipata habari kwenye simu, katika kile kikundi cha akina mama wa mtaani ambamo hutumiana dua na mapishi. Hongera ya kwanza aliidhani imepotea njia. Ya nane ilimfanya avae buibui. Nilipofika nyumbani siku ya pili alikuwa amenikalia mlangoni.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani nini, Mama?"

"Usinifanye mimi mtoto. Dhahabu inayofuliwa ni ya nani? Watu wa barabara ya pili wanajua, muuza mahamri anajua, mimi mamako niliyekuzaa sijui!"

"Si dhahabu, Mama. Ni kauri."

"Usinirudishie kauri zako!" Akaanza kulia na kucheka pamoja. "Niambie tu jina la babake, nijue ni watu wa wapi."

Nikaapa. Nikamtolea kile kipande kwenye kisanduku chake, duara dogo la rangi ya siagi, si kubwa kuliko kifungo cha shati. Alikitazama, akanitazama mimi, na nikaona ameamua kwamba nina siri na kwamba nitaitoboa nikiwa tayari. Akaacha kuuliza. Hilo ndilo lililopasa kunitisha, kwa sababu mamangu hajawahi kuacha kuuliza.

Siku ya tatu sonara alikiinua kipande mbele ya taa, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa kama maji yaliyotulia ndani ya bakuli. "Sasa kipeleke," akasema. "Na hafla yenu ni kesho saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri. Karibu, Ami."

"Mimi sifungi duka," akasema.

Asubuhi ya hafla nilikitia asidi, nikahesabu nukta kwa sauti, nikakitoa, nikakiosha, nikakitia dhahabu. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu, tayari amevaa suti. Safari hii hakuleta ndoo. Mtambo ulifyonza hewa kwa kuguna kwake kwa kawaida. Nikawasha mmiminiko wa elektroni, nikatuliza picha.

Chembe zikaja kwanza, kila moja na ukuta wake. Kisha, ndani ya chembe, milia. Myembamba, mikali, iliyopangana. Katika chembe hii ililala hivi. Ilifika ukutani, ikakoma. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na milia mingine, imesimama upande wake yenyewe. Chembe ya tatu ilikuwa na milia iliyokutana kwa pembe, kama ukili wa mkeka unavyosukwa. Hakuna hata mmoja uliopita bila ruhusa.

Mkuu ndiye aliyesema, kwa sauti ya kanisani: "Umefika ukutani... umegeuka."

"Umegeuka," nikasema, machozi yananitoka. Nilikuwa nimeona picha kama ile vitabuni mara mia. Sikuwahi kuiona imetoka kwenye mkono wangu.

Lakini saa sita ya mchana ilikuwa imeshapita, na hakuna fundi duniani angeweza kutengeneza fremu ya mlango mzima kabla ya saa tisa. Tulichapisha picha ya kweli kwa mashine ya ofisini, kwenye karatasi ya kawaida, tukaibandika juu ya ubao mwembamba. Ilikuwa kubwa kama sahani ya chai. Ile ya mikwaruzo, ya kifalme, ilibaki ukutani chini ya kitambaa chekundu cha kuzindulia, kwa sababu Mkuu alisema hafla bila kitambaa cha kuvuta si hafla.

Wageni walikuja, suti na tai, wakatoka jasho. Palikuwa na halua na kahawa. Dakika tano kabla ya kuanza, mlango ukafunguliwa na chumba chote kikanukia udi. Mamangu aliingia, na nyuma yake shangazi zangu wawili, na nyuma yao wanawake wengine wanne wa mtaani, wote kwa mabuibui mapya yaliyotiwa nakshi, hina mikononi. Hakuna aliyewaalika. Walisalimiana na kila mgeni, mmoja mmoja, khabari za nyumbani, khabari za watoto, mpaka mgeni mkuu mwenyewe akachelewa kuketi. Ndipo nikafahamu. Walidhani hafla ni ya posa yangu.

Mkuu alitoa hotuba. Akavuta kitambaa. Picha kubwa ikatokea, na wanawake saba wa Mji wa Kale wakapiga vigelegele.

Nimehudhuria mikutano ya kauri katika nchi tatu. Sijawahi kusikia vigelegele. Mgeni mkuu aliruka kidogo, kisha akapiga makofi, basi na wengine wote wakapiga makofi. Mkuu, uso umemng'aa, akasema, "Na sasa mwenzetu atatueleza picha hii nzuri." Akaketi, akatazama viatu vyake.

Nilisimama. "Picha hii kubwa," nikasema, "ni makosa yangu."

Nilimsikia shangazi mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Kamkataa?"

Nikaeleza yote. Nikaonyesha mistari inayopita kuta bila hodi, nikaonyesha upinde wa kiwiko changu, na hata nikazungusha mkono ili waone. Mtu mmoja wa tai alicheka, kisha wote wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikaiinua ile picha ndogo, nikawaomba wasogee. Wakasogea, suti na mabuibui pamoja, vichwa vikagusana. Mgeni mkuu alifuata mstari mmoja kwa kidole mpaka ukutani.

"Na nani aliyekuambia kwamba ile ya kwanza si yenyewe?" akauliza.

Nilitazama nyuma. Karibu na mlango alikuwa amesimama sonara, kanzu nyeupe, viatu vyeusi vinavyong'aa. Alikuwa amefunga duka.

"Yule," nikasema.

Chumba kizima kikageuka. Sonara akawa kama mtu aliyeshikwa na mali isiyo yake. Nami nikamtazama mamangu, nikamwona anakwenda kwa macho: kwangu, kwa sonara mwenye mke na wajukuu, kwa kipande cha kauri, kwangu tena. Hapakuwa na bwana harusi popote. Mabega yake yakashuka. Wale wanawake wanne wakaanza kukusanya mikoba. Kisha halua ikapitishwa mara ya pili, wakaamua kukaa. Mamangu alinijia pale nilipokuwa nimesimama, akanitengeneza ushungi ambao haukuwa umeharibika, akasema kwa sauti ya chini, "Umesema kweli mbele ya wakubwa. Haya. Si haba." Nami najua alikuwa ameshanunua vitambaa vya mapazia ya arusi.

Wageni walipoondoka sonara alibaki. Alizunguka mtambo mara mbili, mikono nyuma.

"Kitu chochote chaweza kuingia humo?" akauliza.

"Kidogo, kikavu."

Alivua pete yake. Alinieleza kwamba ameifua mwenyewe mwaka aliooa, na kwamba ndiyo kazi iliyong'arishwa vizuri kuliko zote alizowahi kuzitoa mkononi mwake. Huwaonyesha wateja wasioamini. Dhahabu haihitaji kunyunyiziwa dhahabu, kwa hiyo niliisafisha tu nikaiingiza, nikafyonza hewa, nikawasha.

Kwenye kioo kilitokea kitu kama shamba la mihogo lililolimwa na ng'ombe wawili waliogombana. Mitaro, matuta, mashimo. Sonara alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Punguza," akasema mwisho.

Nikapunguza ukuzaji. Mitaro ikawa midogo, lakini ilikuwepo.

"Punguza tena."

Nikapunguza. Akaniambia tena. Nikapunguza mpaka hadubini ya elektroni, mtambo uliovuka bahari na kunichukua mwaka kuuwasha, ikawa haionyeshi zaidi ya kioo chake cha jichoni. Uso wa pete ukawa laini kama kioo cha maji.

"Hapo," akasema sonara. "Hapo ndipo watu wanapotazamia." Akanyoosha mkono nimpe pete yake.

Siku ya pili nilipita dukani kumshukuru na bakuli la halua iliyobaki. Nilimkuta ameinama, feni imezimwa, mabakuli matano ya maji mbele yake, anaisugua ile pete. Hakuinua kichwa.

"Usimwambie mtu," akasema.

Nikamwekea halua pembeni, mbali na maji, nikatoka polepole nisije nikapeperusha vumbi.